Binti anayewapakulia wenzake

Msichana wa bweni akikonda, maswali huja kwa mpangilio uleule: malaria, minyoo, vidonda vya tumbo, kifua kikuu, mimba, kisha kwa kunong'ona, ukimwi au karogwa. Kama mtoto anajinyima chakula mwenyewe, hakuna anayeuliza. Mimi ni matroni wa shule ya wasichana hapa Tanga, na bado nasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ni ugonjwa wa Wazungu walioshiba. Mimi nimeiona kwenye bwalo la ugali na maharage.

Binti ninayemsema alikuwa kidato cha tatu, mpole, hodari darasani. Hakukwepa bwalo hata siku moja. Kinyume chake, yeye ndiye aliyewahi kushika upawa. Atapakulia meza nzima, ahakikishe kila mtu kapata mchuzi, ndipo aketi na tonge moja analolifinyangafinyanga mpaka lipoe. Maharage anayasogeza ukingoni mwa sahani na kuyafunika kwa ugali. Kabla ya hapo keshakunywa chupa nzima ya maji. Na nyuma ya daftari lake la Biolojia kulikuwa na mapishi: pilau, visheti, mkate wa kumimina, na vipimo vyote kwa mwandiko safi.

Hayo mapishi ndiyo yanayowapoteza wazazi. Wanasema, mtoto anayependa habari za chakula hivi ataumwaje ugonjwa wa kutokula? Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianza utafiti wa njaa kwa wanaume 36 wenye afya, waliojitolea. Walipopunguziwa chakula kwa miezi sita, walianza kusoma vitabu vya mapishi, kuchezea chakula sahanini, kuhisi baridi muda wote. Njaa yenyewe ndiyo iliyowafanya hivyo. Kwa hiyo binti wa anoreksia ana njaa sana, ila hofu ya kunenepa imeishinda njaa.

Na baridi ile niliiona: sweta mwezi wa Januari, Tanga hii! Mikononi alikuwa ameota vinyweleo laini kama vya kichanga. Pedi alikuwa haji tena kuchukua. Nilipotoa taarifa, akapimwa mimba. Kipimo kikasema hana, watu wakashusha pumzi, na jambo likaishia hapo. Hili linaniuma hadi leo. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu na hana mimba bado anahitaji daktari, maana mwili ukikosa chakula huacha kwanza kazi ya uzazi ili uokoe moyo.

Jambo lingine ni kufunga. Mimi nafunga, na sunna ya Jumatatu na Alhamisi naiheshimu. Lakini mtazame mtoto wakati wa kufuturu. Aliyefunga kwa ibada hufurahia futari yake. Binti huyu alikula tende moja na maji, akasema kashiba. Wakristo nao wana maombi ya kufunga, na hapo pia tazama anavyofungua.

Tafadhali msisubiri mifupa ionekane. Aliyekuwa mnene akashuka haraka anaweza kuwa hatarini huku watu wakimsifu kawa kipotabo. Wavulana nao huugua, ila wao hufichwa na mazoezi.

Ukimpeleka hospitali, omba apimwe mapigo ya moyo, presha akiwa amelala na akisimama, sukari, na madini ya potasiamu na fosfeti katika damu. Na aliyedhoofu sana usimshindilie chakula nyumbani kwa huruma. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, fosfeti ya damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Aanze kulishwa chini ya uangalizi wa daktari.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya nyumbani. Tiba inayosaidia vijana wengi, iliyokuzwa hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, inawapa wazazi usimamizi wa milo. Mama wa binti huyu alimwombea ruhusa shuleni, na asubuhi, mchana na jioni akaketi naye mezani bila kumgombeza wala kumbembeleza kwa zawadi. Hakumruhusu kupakulia mtu. Mama ndiye aliyempakulia, na wakakaa hapo hata saa nzima mpaka sahani iishe. Binti akilia, mama alimwambia, "Najua unaogopa, mwanangu. Kula, nipo." Muhula mzima ulipita hivyo kabla hajaruhusiwa kurudi bwenini.