Majabali ya Mama Ngina, Baada ya Miaka ya Uingereza

Niliondoka Mombasa kabla treni ya SGR haijaanza, na Mama Ngina niliyoiacha ilikuwa ukingo mtupu wa bahari: mibuyu, wauza mihogo, na wewe na Mungu wako ukisogea kuchungulia mawimbi. Sasa pametiwa kuta, sakafu na viti. Mwaka 2019 hata sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyiwa hapo. Nilikwenda nimejiandaa kununa, lakini Jumapili jioni nikakuta familia zimejaa tele, na mabibi wamekaa starehe pale ambapo zamani wasingethubutu kusogea. Nikanyamaza.

Jabali lenyewe ni lilelile. Tulifika, mimi na mpwa wangu, wakati wa bamvua, maji yamejaa na kusi linavuma. Ukitazama chini unaona mawimbi yalivyolila jiwe kwa chini, sehemu ya juu ikabaki imetokeza kama kibaraza. Wimbi likiingia mle ndani hewa inabanwa, unasikia dum! kisha maji yanatoka povu tupu.

"Mjomba, litaanguka?"

"Siku moja, ndiyo. Mapande ya zamani si hayo yamelala majini?"

Kule Uingereza nimewahi kufika Beachy Head, mita 162 za chaki nyeupe, na sikatai, miguu ilinilegea. Letu halifikii hata robo. Lakini lile watu wanakwenda kulitazama, wapige picha, warudi makwao. Letu tunaishi ndani yake. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakiota hapa. Iliposhuka, yakabaki nchi kavu, yakafa, yakashikana kuwa jiwe. Jiwe hilo ndilo Wareno walilojengea Ngome ya Yesu (Fort Jesus) kuanzia 1593. Wazee wetu walilijengea nyumba za Mji wa Kale, wakalichoma wakapata chokaa, na simenti ya Bamburi nayo inatokana na jiwe la namna hiyohiyo.

Nilimwonyesha mpwa mahali jiwe lilipo wazi: duara la mistari iliyopindapinda, tumbawe zima, na ubavuni mwake ganda la kombe limenasa. Alilipapasa mpaka meli ya makontena ilipotokea mlangoni mwa bandari ya Kilindini, kubwa, karibu kabisa, na jiwe likasahauliwa papo hapo. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu bado ipo, alhamdulillahi. Bei yake sisemi.

Nilidhani habari ya jiwe imekwisha. Tuliporudi nyumbani, mtoto akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ua, pale lipu ilipobanduka, akaanza kukwangua kwa kijiko akitafuta kombe. Hakulipata. Bibi yake ndiye aliyempata yeye, na aliyeitwa kwa ukali nilikuwa mimi.