Kuchagua Samaki wa Tangi Kubwa Lenye Mimea: Nilivyoanza na Maji, Nikaishia Mto Kongo

Mtu anapopata tangi kubwa la samaki wa mapambo, tuseme lenye urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 60, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba sasa ana nafasi ya kufuga kila samaki aliyewahi kumtamani. Tangi la vipimo hivyo hubeba lita 450 za maji kabla ya kuwekwa mchanga, mawe na magogo, na kwa kweli ni chombo kikubwa. Hata hivyo, ukubwa hauwezi kuwapatanisha samaki wawili ambao mmoja anahitaji maji laini, yaani yenye madini machache, na mwingine maji magumu, yenye madini mengi, wala hauwezi kumzuia samaki mwenye kinywa kipana kummeza jirani yake taa zinapozimwa. Kinachoweza kufanywa na ukubwa ni kumpa kila samaki aliyechaguliwa vema mahali pa kuishi kwa tabia yake ya asili, na hilo ndilo lililonifanya nitumie muda mrefu katika kuchagua kuliko katika kununua.

Wengi wetu huanza na rangi tunazoziona dukani. Mimi nashauri tuanze na maji, tena kwa sababu ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuielewa kuliko watu wengine wote. Samaki wa kwetu wanaojulikana zaidi duniani miongoni mwa wafugaji ni wale wa jamii ya furu na perege wanaotoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na ni wazuri kwelikweli. Maji ya Tanganyika, hata hivyo, ni magumu na yana pH, yaani kipimo cha uasidi, inayokaribia 9, na wengi wa samaki wa miambani katika maziwa hayo, kama vile Tropheus wa Tanganyika na mbuna wa Nyasa, hukwangua mwani mchana kutwa, hupigania maeneo yao kwa ukali, na hawaoni tofauti kubwa kati ya mwani na jani changa ulilolipanda juzi. Ipo mimea inayostahimili maji magumu, kama Vallisneria, lakini tangi la mbuna kwa asili yake ni tangi la mawe. Anayetaka msitu chini ya maji asilazimishe wakazi wa miamba wahamie humo kwa sababu tu wanatoka nyumbani.

Hapa Dar es Salaam suala la maji lina ugumu wake wa ziada. Visima vingi vilivyo karibu na pwani vina chumvi, na mtu anayejaza tangi kwa maji ya kisima bila kuyapima huwa ameshawachagulia samaki wake maisha kabla ya kuwajua. Vipimo vya pH na vya ugumu wa maji vinanunulika, na matokeo yake yaandikwe mahali pa kudumu, kwa kuwa maji ya masika na ya kiangazi hayafanani. Kwa samaki wa maji laini mimi huchanganya maji ya bomba yaliyokaa na kupoteza klorini pamoja na maji ya mvua niliyoyakinga baada ya mvua ya kwanza kusafisha paa, kisha humo ndani hutumbukiza majani makavu ya mkungu. Majani hayo, ambayo katika mitaa yetu hufagiwa na kuchomwa moto, hutafutwa na wafugaji wa nchi nyingi kwa sababu hutoa tanini inayoyapa maji rangi ya chai ya rangi na kuyashusha pH kidogo, hasa pale ambapo maji yenyewe tayari ni laini.

Maji ya namna hiyo ndiyo yanayopatikana katika vijito vya msitu wa bonde la Mto Kongo, na ndiyo yaliyonielekeza kwa samaki ninayemwona kuwa anastahili kuwa msingi wa tangi kubwa lenye mimea: tetra wa Kongo, ambaye jina lake la kisayansi ni Phenacogrammus interruptus. Dume hufikia takriban sentimita 8 na jike takriban sentimita 6. Ubavuni mwa dume hupita mistari ya buluu, dhahabu na kijani inayobadilika kadiri mwanga unavyompiga, na katikati ya mkia wake hurefuka nyuzi za kijivu zinazofuata nyuma yake anapogeuka. Wachanga hawana lolote kati ya hayo. Dukani huonekana kama visamaki vya kijivu visivyo na mvuto, na wateja huwapita wakielekea kwenye tangi lenye samaki wekundu na wa manjano. Hapa ndipo kuchagua kwa macho kunapotupotosha zaidi, kwa kuwa uzuri wa samaki huyu huja polepole, na huja tu kwa yule aliyempa nafasi ya kuogelea, maji safi na wenzake wa kutosha.

Tetra wa Kongo ni mwoga. Akiwekwa peke yake au akiwa na mwenzake mmoja, hujibanza nyuma ya chujio na hupoteza hamu ya kula. Kwa tangi la vipimo nilivyotaja napendekeza kundi la samaki 15, majike yakiwa mengi kuliko madume, wote wanunuliwe kwa pamoja ili wakue wakifahamiana. Madume hupimana nguvu kwa kukunjua mapezi na kuzungukana, na mara chache sana huumizana. Mapezi hayo marefu ndiyo yanayoamua nani asikae nao: samaki kama tiger barb, ambaye huuzwa kila mahali na ana tabia ya kung'ata mapezi ya wenzake, anaweza kuyageuza matambara kwa muda mfupi. Sielewi kwa nini wauzaji huendelea kumwita samaki wa tangi la mchanganyiko bila kumwonya mteja.

Mimea nayo iingizwe katika hesabu ya kupatana. Tetra wa Kongo huonja machipukizi laini, na kwa sababu hiyo mimea yenye majani ya ngozi ngumu humfaa zaidi. Bahati njema ni kwamba Afrika ya Magharibi na ya Kati imetupatia mimea ya aina hiyo hiyo: Anubias, ambayo majani yake ni magumu na hukua polepole hata penye kivuli, na jimbi la majini liitwalo Bolbitis heudelotii, ambalo hupenda mahali maji yanapopita kwa kasi. Yote miwili hufungwa juu ya gogo au jiwe kwa uzi, na shina lake linalotambaa lisifukiwe mchangani kwa kuwa litaoza. Mimea ya kuelea juu hupunguza mwanga, na chini ya kivuli hicho tetra hutulia na kujitokeza mbele.

Sakafu ya tangi ndiyo sehemu inayodai fikra zaidi, kwa kuwa huko ndiko magomvi huzaliwa. Kribensisi, yaani Pelvicachromis pulcher wa Nigeria na Kamerun, ni mmoja wa samaki wachache wa jamii ya furu ninaoweza kuwapendekeza kwa tangi lenye mimea bila wasiwasi mkubwa. Dume hukaribia sentimita 10, jike ni mdogo kuliko dume, na jike ndiye mwenye tumbo la zambarau iliyokolea ambalo humwonyesha dume anapomwita pangoni. Hutaga mayai ndani ya pango, na wazazi wote wawili huwalinda na kuwachunga watoto. Nje ya msimu huo ni wapole. Ndani ya msimu huo hufukuza kila kinachopita karibu, na katika tangi la sentimita 60 hilo huwa mateso kwa wengine wote, ilhali katika tangi la sentimita 150 tetra husogea juu na kuwaachia upande wao.

Tatizo halisi hutoka kwa jirani wa usiku. Gogogo anayeogelea chali, kambare mdogo wa bonde la Kongo aitwaye Synodontis nigriventris, hazidi sentimita 10 na ni mpole, na tabia yake ya kushikamana na upande wa chini wa gogo au jani akiwa amegeuza tumbo juu ni jambo ambalo sijachoka kulitazama. Hata rangi yake imegeuzwa: tumbo ni jeusi kuliko mgongo, kwa kuwa tumbo ndilo linaloelekea juu na ndilo linalohitaji kufichika kwa adui anayetazama kutoka juu. Lakini gogogo huamka giza linapoingia, na mayai au watoto wa kribensisi ni chakula chake kama chakula kingine chochote. Suluhisho ninaloliamini ni la mpangilio. Mapango ya kribensisi yawekwe mwisho mmoja wa tangi, magogo makubwa ya gogogo yawekwe mwisho wa pili, na katikati pajazwe mizizi na Anubias ili pande hizo mbili zisionane. Gogogo wakae kundi la watano au sita, na kribensisi jozi moja tu. Anayenunua gogogo ahakikishe spishi, kwa kuwa wapo gogogo wengine wanaokua mara mbili au tatu ya ukubwa huo na ambao tetra aliyelala ni windo lao. Na asiwahamishe kwa wavu, kwani miiba ya mapezi yao hujifunga na kunasa. Chombo cha plastiki ni salama zaidi.

Kwa tabaka la juu, vitabu na wafugaji wengi humtaja samaki kipepeo, Pantodon buchholzi, ambaye hukaa chini kidogo ya uso wa maji akingoja wadudu. Ni kiumbe wa ajabu, na tetra waliokomaa ni wakubwa mno kwa kinywa chake. Pamoja na hayo, mimi sikumchagua, na sababu ni joto letu. Pantodon hupenda uso wa maji uliotulia, na anaweza kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu. Samaki wengine wa tangi hawana uwezo huo. Maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.6, wakati huohuo samaki wakiwa na mahitaji makubwa zaidi na mimea nayo ikitumia oksijeni usiku. Kuanzia Januari hadi Machi uso wa tangi langu lazima utikiswe na pampu ya hewa na upulizwe na feni ndogo, na samaki anayehitaji utulivu hapo juu angeishi kwa taabu. Kupatana kwa samaki kunahusu pia hali ya hewa ya chumba walimo.

Wapo ambao ningewakataa bila mjadala mrefu. Oska hupita sentimita 30, hung'oa mimea na humeza kila kinachoingia kinywani. Pangasi anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa jina la papa anaweza kupita mita moja. Pleko wa kawaida hukua hadi sentimita 40 au zaidi, na samaki wa dhahabu hula mimea laini na hupenda maji yenye ubaridi. Ctenopoma acutirostre, chui wa vichakani wa Kongo, ni suala la kujadiliwa, kwani huwaacha tetra wakubwa na huwamaliza wadogo.

Asiyempata tetra wa Kongo, na katika maduka niliyoyatembelea mara nyingi hapatikani ingawa kwao si mbali, anaweza kufuata njia hiyohiyo kwa samaki wa Amazon: kundi la tetra wasio wadogo mno, kambare wadogo waitwao koridorasi juu ya mchanga laini, na samaki malaika wachache. Aangalie tu asiwachanganye malaika wazima na tetra wadogo waitwao neoni, ambao kwao ni chakula.

Kuhusu kuwaingiza, mimea itangulie, na tangi liachwe kwa majuma manne hadi sita mpaka bakteria waweze kugeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri ndipo samaki wa kwanza waingie. Kila kundi jipya likae kwanza katika tangi dogo la karantini kwa majuma mawili au matatu. Tetra waingie mwanzo, gogogo wafuate, na kribensisi wawe wa mwisho kabisa, kwa sababu jozi iliyotangulia hulihesabu tangi zima kuwa lake, na jozi iliyochelewa hukuta mipaka imekwisha kuwekwa na hutosheka na pembe iliyoandaliwa.