Siku yangu na valvu iliyoganda, ng'ambo ya Sabaki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mahamri kwa mbaazi na chai ya rangi pale stendi Malindi, begi la spana mapajani, bodaboda hiyo mpaka ng'ambo ya daraja la Sabaki. Leo naitwa na mzee mmoja upande wa Mambrui, mwenye trekta la Massey Ferguson 135. Jana jioni alinipigia: "Fundi, lazunguka lakini haliwaki, na ndani kuna kitu chagongagonga." Nikamwomba asiguse swichi tena mpaka nifike.

Saa moja na nusu. Nakuta vijana washafunga mnyororo, wanataka livutwe na lori. Nawaambia wafungue. Valvu ni kifuniko kinachofungua na kufunga njia ya hewa au moshi kwenye silinda; ikiganda ikiwa wazi halafu injini ikalazimishwa, pushirodi (fimbo inayosukuma valvu ifunguke) hupinda, au pistoni ikapanda ikaigonga valvu yenyewe. Hapo kazi ya siku moja yageuka kazi ya kushusha silinda hedi, kifuniko kizima cha juu cha injini, na mzee ndiye atakayelipa.

Kabla ya kushika spana naangalia bomba la moshi. Limesimama wima, mdomo wazi, na trekta limelala uwanjani masika yote. Nishajua pa kuanzia. Injini ikizimwa, karibu kila mara kuna valvu inayobaki wazi. Maji ya mvua huteremka bombani mpaka kwenye valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, hewa yetu ya chumvi nayo ikamalizia.

Saa mbili. Nafungua tapeti kava, kifuniko kilicho juu ya valvu. Valvu ni sita. Tano vichwa vyake viko sawa, ile ya ekzosi ya silinda ya pili imezama na springi yake imebanwa. Roka, mkono unaoikandamiza valvu, yacheza, pushirodi naizungusha kwa vidole. Nikimulika kwa simu katikati ya springi naona shina la valvu lina pete ya kutu nyekundu, palepale linapoingia kwenye gaidi, bomba linaloliongoza. Nadondosha mafuta ya taa yaliyochanganywa na ATF (mafuta ya gia otomatiki) nusu kwa nusu, kwa sindano, tone baada ya tone. Kisha naondoka. Mafundi wengi huharibu hapa, maana nyundo iko karibu na subira iko mbali.

Saa tatu. Nashuka mtoni kwa mama mmoja mwenye shamba la nyanya. Pampu yake ya maji ya inchi mbili, inayotumia petroli, imegoma. Navuta kamba, yaja laini, haina uzito wowote. Kompresheni hakuna. Nafungua tangi, petroli yanuka kama rangi ya zamani. Iliachwa humo tangu mavuno yaliyopita ikageuka gundi, ikaishika valvu ya kuingizia. Hiyo haina kutu, kwa hiyo ni rahisi: dawa ya kusafishia kabureta, kuisukuma ndani na nje mpaka irudi yenyewe kwa nguvu ya springi, kisha kuseti tapeti, yaani pengo kati ya roka na valvu. Kwa injini hii ni milimita 0.15 ya kuingiza, 0.20 ya kutoa.

"Sasa nikimaliza msimu nifanyeje, mwanangu?"

"Mwaga petroli yote, mama, na ya kwenye kabureta pia. Halafu vuta kamba polepole mpaka uhisi uzito, uache hapo hapo. Valvu zote mbili zitakuwa zimefunga, unyevu hauingii."

Saa tano. Narudi kwa Massey. Pistoni ya silinda ya pili iko chini, kwa hiyo kuna nafasi ya kucheza. Kipande cha mti juu ya shina, nagonga kidogo, nainyanyua kwa kubana bisibisi mbili chini ya kofia ya springi. Tone la mafuta, gonga, nyanyua. Mwanzo unywele tu, baadaye yapanda nusu, mwishowe yaruka na kulia "tak" kwenye kiti chake. Mzee akasema alhamdulillahi kabla yangu.

Haijesha. Nazungusha puli kwa spana mpaka pistoni ifike juu kabisa, ndipo natoa springi; pistoni ikiwa chini, valvu hudumbukia ndani ya silinda na hapo ni kilio. Nalizungusha shina kwa mkono na mafuta mpaka kutu iache kutoka. Pushirodi nayo naivingirisha juu ya kioo. Imenyooka.

Wali na samaki. Saa nane naseti tapeti zote inchi 0.012, injini ikiwa baridi. Likawaka kwa moshi mweupe mzito, mafuta niliyotia ndiyo yaungua.

Saa tisa hadi kumi na nusu nawafanya vijana walime nalo. Kulinguruma mahali pamoja hakulipashi moto vya kutosha, dizeli isiyoungua yaacha masizi kwenye mashina. Likirudi moto, napima tena pengo: inchi 0.010, sawa kwa injini ya moto.

"Basi tuwe twaliwasha dakika tano kila Ijumaa," mzee akasema.

"Hapana, baba. Dakika tano zaleta unyevu na haziukaushi. Ama lifanye kazi mpaka lipate moto kamili, ama liache likiwa limefunikwa."

Malipo: nusu leo, nusu akiuza maembe. Nimekubali, kwa sharti kwamba mkebe uvikwe kwenye mdomo wa bomba kabla sijapanda boda.