Soya: siku ya kuangalia mizizi

Januari 27. Siku ya 44 tangu nipande. Mvua ilikatika asubuhi, nikaingia na jembe uma. Mche wa soya hauvutwi kwa mkono. Ukiuvuta, vinundu, vile vivimbe vidogo vya mizizini, hubaki ardhini nawe utaondoka ukisema hakuna kitu.

Kwa mnaoanza kusoma leo: shamba liko nje kidogo ya Songea, limezoea mahindi na maharage, soya halijawahi kuiona. Nililigawa vipande vitatu. Cha kwanza soya tupu. Cha pili soya iliyopakwa raizobia, wale bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde na kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Cha tatu soya iliyopakwa vilevile, juu yake nikaongeza yurea.

Kipande cha kwanza: miche mitano, mizizi mitupu. Majani ya chini yameshaanza unjano.

Cha pili ndicho kilichonikalisha chini kwenye tope. Mche wa kwanza vinundu 17, vingi vimejikusanya juu karibu na shina. Nikapasua kimoja kwa wembe: ndani kwekundu kama nyama mbichi. Rangi hiyo ni leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini ya damu yetu. Inadhibiti oksijeni, kwa sababu kimeng'enya kinachokamata naitrojeni huharibiwa nayo. Ukipasua ukakuta weupe au ukijani, hapo hakuna kazi inayofanyika.

Cha tatu kina majani ya kupendeza kuliko vyote, ila vinundu ni vichache na vidogo kama punje za ulezi. Mmea huwalipa bakteria hao kwa sukari yake. Ukishashibishwa na yurea, wapangaji wa kulishwa wa nini?

Halafu kuna maharage ya mpakani, ambayo sikuyapaka chochote. Yana vinundu! Bakteria wake wamo kwenye udongo wetu tayari. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria mwenzake, Bradyrhizobium japonicum, hapa hayupo mpaka aletwe. Ndiyo maana IITA, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ibadan, Nigeria, walizalisha mbegu za soya ziitwazo TGx, zinazokubali hata bakteria wenyeji. Yangu si hizo.

Sasa aibu zangu. Pakiti ya kwanza ya unga wa raizobia niliiua mwenyewe: ilipanda bodaboda saa saba mchana, ikashinda barazani juani. Ya pili niliiweka karibu na mtungi wa maji, nikapaka mbegu jioni kivulini kwa maji ya sukari ili unga ushike, nikapanda papo hapo.

Aibu ya pili ni ubahili. Nilichukua kijiko cha unga ule, nikatia kwenye chupa ya maji yaliyochemshwa na sukari, nikisema nitawazalisha mwenyewe. Baada ya wiki chupa ilikuwa na povu na harufu ya togwa lililochacha. Bradyrhizobium hukua polepole, na wadudu wengine waliingia wakamaliza sukari kabla yake. Viwandani hukuzwa kwenye matangi yaliyofungwa, yanayopulizwa hewa safi, kisha huchanganywa na udongo mweusi wa kinamasi uliokwisha kuuliwa vijidudu vyote. Unga wa raizobia uitwao Biofix ulianzia Chuo Kikuu cha Nairobi, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, walitengeneza wao uitwao Nitrosua. Mimi na chupa ya soda nilikuwa nashindana na watu hao.

Jambo moja linanisumbua. Mstari wa mwisho wa kipande cha kwanza, unaopakana na cha pili upande wa bondeni, nao una vinundu. Nadhani maji ya mvua ya Krismasi yalibeba udongo. Mstari huo nauondoa kwenye hesabu ya mavuno.

Jirani yangu mzee alisimama akitazama nikipasua vinundu.

"Mwanangu, kama wanasafiri na udongo, nami si unipe ndoo moja nikamwage kwangu?"

Nimemwambia asubiri tuvune. Ndoo mbili za kipande cha pili ni zake, akazifukie siku ya kupanda, zisipigwe jua.

Palizi ya pili Jumamosi.