Tone Chini ya Flanji

Nilikuwa injinia wa tatu kwenye meli ya makontena iliyotumia gesi asilia iliyosindikwa badala ya mafuta mazito. Usiku huo meli ndogo ya kutujazia gesi ilikuwa imefungwa ubavuni mwetu, nami nimesimama kwenye stesheni ya kupokelea, redio kifuani, nikiyatazama mabomba.

Anayedhani kazi hii ni kuunganisha mpira na kufungua vali hajawahi kuifanya. Gesi hii ni kimiminika kwa sababu ya baridi tu, nyuzi 162 hivi chini ya sifuri. Ikipata joto inarudi kuwa gesi na kutanuka takriban mara 600. Ndiyo maana maandalizi hula muda kuliko ujazaji wenyewe. Orodha ya ukaguzi ilikuwa imetiwa saini na pande zote mbili, mfumo wa kuzima dharura umejaribiwa, hewa na unyevu vimefukuzwa bombani kwa naitrojeni. Viungo vyote nilikuwa nimevipaka maji ya sabuni kwa mkono wangu, wala hapakutoka povu.

Tukaanza kupoza, pole pole. Bomba likaota barafu nyeupe, likawa linalia tik, tik, kwa kusinyaa. Ghafla, chini ya flanji moja ya upande wetu, yaani kiungo cha mabomba kinachokazwa kwa bolti, nikaona ukungu mwembamba unateremka. Unateremka, haupandi! Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hii, ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikiwa baridi kiasi hicho huwa nzito na kutambaa chini. Na ukungu wenyewe si gesi, ni unyevu wa hewani uliogandishwa. Gesi haionekani wala hainuki, na huenda imeshaupita ukungu. Kisha tone likaanguka kwenye trei ya chuma cha pua, likarukaruka, likatoweka. Kitambuzi changu cha gesi kikaanza kulia.

Nikamwita injinia mkuu redioni. "Chifu, flanji inavuja."

"Zima. Usiiguse."

Nikabonyeza kitufe, vali zikafunga kwetu na kwao. Pazia la maji lilikuwa likitiririka ubavuni tangu mwanzo, maana chuma cha kawaida kikimwagikiwa na baridi ile hupasuka. Kanuni za kimataifa za meli zinazotumia gesi, zilizoanza kazi mwaka 2017, zinataka mwili wa meli ukingwe na baridi hiyo gesi ikivuja. Zamani niliona pazia hilo usumbufu tu.

Fundi mmoja akaja na spana. "Robo mzunguko tu, Chifu, itakata."

"Gasketi, ile pete ya kuziba katikati ya flanji, sasa hivi ni ngumu kama kioo," Chifu akamjibu. "Ukiikaza ikiwa baridi utaivunja. Rudisha spana."

Hapo ndipo usiku ulipokuwa mrefu. Tuliondoa kimiminika bombani, tukalisafisha tena kwa naitrojeni, tukaliacha lipate joto lenyewe. Nahodha alikuwa anapiga simu kila mara: rubani wa bandari ameshaagizwa, ratiba inaharibika. "Bado, Kapteni," Chifu anajibu, kwa sauti ile ile. Mimi ningekuwa nimeshapandisha yangu.

Tulipoifungua flanji tukaiona: gasketi imekandamizwa upande mmoja, upande wa pili karibu haina alama. Ilikuwa imefungwa na mafundi wa nje kwenye matengenezo yaliyotangulia. Bomba likiwa na joto ilishika vizuri, ndiyo maana sabuni haikutoa kitu. Vyuma viliposinyaa ndipo ilipoachia. Tukaweka mpya, tukakaza bolti kwa kukingamana, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo. Sabuni tena. Naitrojeni tena. Kupoza tena, nami nimeikodolea macho flanji ile ile hadi machozi yananitoka. Kavu.

Ujazaji wenyewe haukuwa na makuu. Shinikizo la tangi lilipoanza kupanda tulihamishia gesi kwenye vinyunyizi vya juu, mvuke ukapoa, shinikizo likashuka.

Tuliondoka asubuhi tumechelewa. Nahodha alinuna hadi bandari iliyofuata. Chifu akamwandikia ripoti, akaambatanisha picha ya gasketi, akaenda kulala.