Masta ya IT na biashara, na swali la shangazi pale Kibirizi

Wadogo zangu hapa Kigoma wananiuliza sana hii masta ninayosoma ni ya kompyuta au ya biashara, jamani ni zote mbili, na ugumu wenyewe uko hapo zinapokutana. Semista hii asubuhi nahangaika na SQL, lugha ya kuongea na databesi, yaani hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, usiku napiga hesabu za mtaji, laki moja ya leo na laki moja ya miaka mitano ijayo hazilingani, na vyote nasoma kwa bando la simu maana umeme nao una siku zake.

Ila kilichonifungua macho ni shangazi. Yeye ananunua dagaa mwalo wa Kibirizi, anawakopesha wachuuzi, madeni yote yako kwenye daftari moja limelowa mafuta ya dagaa mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili. Kwa ajili ya projekti nikamtengenezea sistimu ya madeni, nikaweka na ripoti ya kila mwisho wa mwezi, nikamshikisha simu aone. Akaangalia weee, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, mwezi upi huo?"

Nilikaa na hilo swali siku nzima. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka taa inakosa nguvu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Pesa ya Kibirizi inatembea na giza, yaani zile siku ambazo mbalamwezi haiwaki. Na mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo giza linasogea kwenye kalenda kila mara, ripoti yangu ya tarehe 30 ilikuwa inalikata giza moja vipande viwili, mama anayelipa vizuri kabisa kila giza likiisha anatokea kwenye orodha ya wadaiwa sugu! Fikiria mkopeshaji anayesoma ripoti kama hiyo ndio anaamua nani apewe mtaji.

Programu niliyoandika haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa sikuuliza kazi inaendaje kabla ya kuanza kuandika, na sasa naamini somo la kukusanya mahitaji ya mtumiaji ndio roho ya hii digrii, ingawa wengi darasani wanalipita haraka wakimbilie programu.

Kitu kingine ni majina. Tangu mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd aandike kuhusu databesi za majedwali mwaka 1970 tunafundishwa kila rekodi iwe na ufunguo wake usiojirudia, yaani alama ya kuitambulisha, sawa, lakini kwenye daftari la shangazi "mama wa Ujiji", "mke wa fundi" na "yule wa baiskeli" ni mtu mmoja. Nikasema basi nitumie namba ya simu, kumbe kuna akina mama wawili wanatumia laini moja. Mwisho kila mchuuzi nimempa namba yake, na majina yote ya utani nimeyaacha chini yake ili shangazi akitafuta kwa jina lolote ampate.

Ripoti sasa inafungwa giza likiisha, na tarehe ya kufunga anaibonyeza yeye mwenyewe. Giza linaloanza wiki ijayo ataandika kotekote, kwenye daftari na kwenye simu, halafu tutakaa barazani kwake tulinganishe mstari kwa mstari.