Simba wa Tsavo wako Chicago

"Mama, wale simba waliokula watu wako wapi?"

Tulikuwa kwenye treni ya alasiri, Mtito Andei tumeshaiacha nyuma, na mwanangu alikuwa amebandika pua kwenye kioo tangu Kibwezi akitafuta mnyama. Ndovu wekundu alishawaona, akawahesabu, akawachoka. Sasa alitaka simba, tena si simba yeyote. Sijui nani amemsimulia. Namshuku mjomba wake.

"Wako Chicago," nikamjibu.

Akanigeukia kwa lile jicho la mtoto anayejua anadanganywa. Mzee aliyeketi mkabala nasi akacheka, akakunja gazeti ili asikie vizuri. Nikamwapia mtoto kwamba nimewaona kwa macho yangu haya, siku ya harusi, nikiwa na kofia mbili kichwani na soksi jozi tatu.

"Harusi ya nani?"

Eh. Huko ni mbali.

Ilikuwa Februari 2015, Jumamosi tarehe 14. Siku hiyo Bibi Harusi wetu aliichagua mwenyewe kwa ajili ya maua mekundu, na tulimwambia kwamba Chicago mwezi wa pili si mahali pa gauni la mabega wazi. Hakusikia. Watu wa pwani tukishaamua harusi, hali ya hewa inajipanga yenyewe.

Tulitoka Indianapolis Ijumaa, watu watatu: mimi, Kasuku, na Kobe kwenye usukani. Jina la Kobe halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kupanda gari lake. Ni kilomita 290 hivi, mwendo wa saa tatu kwa watu wa kawaida. Sisi tulikwenda tano. Mashamba meupe kushoto, mashamba meupe kulia, kisha mbele ya Lafayette ile mitambo ya upepo, mirefu, inazunguka polepole kama inayomcheka Kobe. Njiani saa ikarudi nyuma, maana Indianapolis na Chicago zimepishana kwa saa moja. Simu ya Kasuku ikasema hivi, saa ya gari ikasema vile, na mimi kichwani bado nahesabu saa za kwetu, kwa hiyo tulibishana mpaka tukafika na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Nilikuwa nimepakata mfuko wenye kanga. Mamake Bibi Harusi viza haikutoka, basi akaituma kanga kutoka Likoni kwa mikono ya watu watatu, wa tatu mimi. Ilikuwa ya kutandikwa mlangoni, bintiye apite juu yake. "Mwanangu, hiyo kanga ndiyo mimi," aliniambia kwenye simu. "Ikichelewa, nimechelewa." Jina lake lilisema: WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama, nitalala nayo.

Sikulala nayo. Niliiacha kwenye buti la gari, na mkiniuliza kwa nini sina jibu ila baridi.

Mtaa wenyewe ulikuwa Rogers Park, kaskazini kabisa mwa jiji. Wiki mbili kabla yake ilianguka theluji ya karibu nusu mita, na ilikuwa bado imerundikwa kando ya barabara, nyeusi kwa masizi, ngumu kama matumbawe. Tukakata kona, tukaviona viti. Viti vya plastiki, barabarani, kimoja hapa, kimoja pale, vingine vya jikoni, kimoja cha ufukweni kabisa.

"Tumefika," akasema Kasuku. "Wameshapanga viti."

Na nani angemlaumu? Kwetu ukiona viti vya plastiki barabarani ni harusi au ni matanga, na sisi tulikuwa tunakwenda harusini. Kobe akashuka, akakisogeza kimoja kwa adabu mpaka kando ya njia, akaegesha. Tukasifu hata ukarimu wa watu wa Chicago.

Endeleeni kukumbuka hicho kiti.

Asubuhi nyumba ilikuwa ya wanawake na nywele. Harusi saa tisa. Shangazi mmoja akatutazama tulivyokaa tunakula mahamri ya wenzetu, akatutoa nje: nendeni mkaone mji, rudini saa saba. Gari tuliliacha, maana kila mtu alituonya kwamba ukiondoka na nafasi yako huipati tena. Tukapanda stesheni ya Morse, ile ya juu, tukasubiri treni chini ya taa za joto. Unabonyeza kitufe, taa zinawaka nyekundu kichwani, na watu msiojuana mnajikusanya chini yake kama vifaranga. Kasuku akapata marafiki wawili kabla treni haijafika.

Yeye alitaka ile sanamu kubwa ya chuma inayong'aa, yenye umbo la harage, kama kila mgeni. Tukaenda. Ili upige picha lazima uvue glavu, na ukivua glavu una sekunde chache tu kabla vidole havijawa vya mtu mwingine. Ninayo ile picha. Sote watatu tumefumba macho.

Kobe alikuwa na ombi moja tu tangu Indianapolis. "Mimi nataka kuwaona wale."

Wale wako Field Museum, ukingoni mwa ziwa. Tukatembea kutoka stesheni ya Roosevelt, upepo wa ziwani unatupiga usoni, machozi yanatoka bila msiba. Ziwa Michigan ukiliona lilivyoganda pembeni, mabamba ya barafu yamepandana, huamini kwamba chini yake kuna samaki. Ndani, ukumbini, kulikuwa na ndovu wawili wanaopigana, na mifupa ya yule dinosaria mkubwa ambaye siku hizo alikuwa bado amesimama hapo. Watoto walimjaa yeye. Kobe hakumtazama hata kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitembea mbele yetu.

Wako nyuma ya kioo, kwenye ukumbi wa wanyama wa Afrika. Wawili. Mmoja amesimama, mwenzake yuko chini chini. Madume wote wawili na hawana manyoya ya shingoni, kwa hiyo jicho la kwanza linakudanganya kwamba ni majike. Nyuma yao kumetengenezwa nyika: majani makavu, ardhi ya rangi ile unayoijua ukishaifua kwenye soksi za mtoto aliyetoka Voi. Nikahisi kiu.

"Wadogo hivi?" Kasuku akasema.

Ni wadogo kweli, na sababu yake inachekesha na haichekeshi. Yule Mzungu aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli la mto Tsavo, Patterson, alimuua wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898 na wa pili tarehe 29, akazifanya ngozi mazulia. Robo karne simba wa Tsavo walikanyagwa sebuleni, mpaka mwaka 1924 alipowauzia watu wa Chicago kwa dola 5,000. Aliyewajaza upya alipewa zulia lililochakaa na kukatwa pembeni, akarudisha simba aliyeweza. Pengine hao ndio wanyama pekee waliopungua baada ya kufa.

Kobe hakusema kitu. Alisimama pua karibu na kioo, kama mwanangu juzi kwenye treni. Kobe ni Mtaita, na nyanyake alikuwa mtu wa kando ya reli. Babake nyanya alikuwa kijana wakati daraja la mto Tsavo linajengwa. Hadithi yao ya jioni ilikuwa hiyo. Lakini kwa nyanya wale hawakuwa simba. Walikuwa wazee, watawala wa zamani waliokwisha kufa, waliokasirika kwamba chuma kinapitishwa kwenye ardhi yao bila wao kuulizwa, ndiyo maana risasi ziliwapita na boma za miiba hazikuwazuia. Na si Wataita peke yao waliosema hivyo. Vibarua wa reli wenyewe, Wahindi na Waafrika, waliamini kitu kama hicho, na kazi ya daraja ilisimama kwa sababu watu walipanda garimoshi wakakimbia.

Sasa mjukuu wa nyanya yuko mbele yao, na koti la mtumba linalomfika magotini. Akavua kofia. Nikadhani ni joto la humo ndani. Akainamisha kichwa kidogo, akasema, si kwa sauti kubwa, lakini pia si kwa kujificha:

"Shikamooni."

Nilicheka. Lazima niseme ukweli, nilicheka, kisha nikamwona uso nikaacha. Kasuku, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite bila kukishika mkono, alikuwa ameshikilia mkanda wa mkoba wake na hasemi. Tukasubiri. Sijui tulisubiri nini. Naapa kuna sekunde mbili tatu ambazo sote watatu, watu wenye shahada, tulikuwa tunasubiri marahaba.

Mtoto mmoja wa Kizungu mwenye buti za mpira akaniuliza kwa Kiingereza yule mtu amewaambia nini. Nikajaribu. Neno hilo ukilivua Kiswahili linabaki uchi. Nikasema amewasalimia. "Kwa nini?" Kwa sababu ni wakubwa wake, nikasema. Mtoto akawatazama simba, akamtazama Kobe, akaona ni sawa tu, akaondoka.

Kobe akaanza kusoma maandishi ya pembeni, polepole, kila mstari. Patterson alikuja kudai kwamba walikula watu 135. Wanasayansi walipopima mifupa na nywele za simba hao, mwaka 2009, hesabu yao ilikuja kwenye 35 hivi. Siku ile hatukubishania idadi. Alipomaliza kusoma akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Unatafuta nini?"

"Majina."

"Ya simba?"

"Ya walioliwa."

Nami nikatafuta. Kama yalikuwapo, sikuyaona. Kasuku akasema labda yako chumba kingine. Kobe akasema labda. Akavaa kofia yake, lakini hakuondoka, na mimi nikaangalia saa. Ilikuwa saa saba na robo. Au saa nane na robo. Wakati huo hata mimi sikuwa na hakika niko kwenye saa za nani.

Hayo mengine yalikwenda mbio.

Tulipofika mtaani tulikuta kile kiti kimekaa juu ya boneti ya gari letu, kimenyooka, kama kinachotusubiri tutoe maelezo. Gari lenyewe liling'aa. Mtu alikuwa amelimwagia maji, ndoo kwa ndoo nadhani, na maji yameganda, milango na buti vimefunikwa na barafu nene kama sabuni ya mche. Ndipo kijana mmoja wa nyumbani akatufahamisha desturi ya Chicago: ukichimbua theluji ukapata nafasi ya gari lako, unaiwekea kiti, na anayegusa kiti cha mwenzake amejitafutia.

"Kanga," nikasema.

Tulipiga, tulivuta, tulimwaga chumvi. Maji ya moto tukakatazwa, vioo vitapasuka. Mwishowe draya ikatolewa kwenye kichwa cha Bibi Harusi, nywele nusu zimenyooka nusu bado, waya wa ekstensheni ukapitishwa dirishani, na Kobe akapiga magoti kwenye theluji akiwa na suti, akalipulizia buti letu kama anayemkausha mtoto aliyetoka kuoga. Dakika arubaini. Bibi Harusi dirishani, taulo mabegani, hakulia wala hakutukana. Alikuwa na mamake kwenye simu, anamwonyesha. Nilisikia sauti kutoka Likoni: "Huyo kijana atapata homa, mpeni tangawizi!"

Kanga ilitandikwa mlangoni mwa ukumbi saa kumi na moja kasoro, juu ya lami iliyojaa chumvi. Vigelegele vikapigwa na mvuke midomoni. Alipita juu ya mamake na viatu vya buti chini ya gauni, na kwa saa za kwetu hakuna aliyechelewa. Chakula sikikumbuki. Nakumbuka magoti ya suruali ya Kobe, mviringo miwili yenye maji, akicheza chakacha.

Wao wawili bado wako pamoja, watoto wanne. Kasuku mnamjua. Mimi nilirudi 2016. Kobe anarudi mwakani. Amekuwa akirudi mwakani kwa muda mrefu sasa, na nimeacha kumuuliza makaratasi yamefikia wapi, kwa sababu najua anavyojibu mtu aliyechoka kuulizwa.

Hayo yote sikumwambia mwanangu. Nilimwambia habari ya kiti na draya, akacheka mpaka mzee wa gazeti naye akacheka. Treni ikapita juu ya mto Tsavo. Nikatoa simu, nikampiga picha mtoto na dirisha, nikamtumia Kobe: "Anauliza simba wako wapi." Huko ilikuwa asubuhi, ametoka zamu ya usiku.

Alijibu kabla hatujafika Voi.

"Mwambie tuko. Baridi tu."

Nilisoma mara mbili. Anaandika haraka, vidole vyake vinene, na hajawahi kusahihisha kitu. Nimeangalia kibodi ya simu: kati ya w na t kuna herufi mbili.